Adui Anaposalimu Amri: Mantiki ya Mchezo wa Video na Thamani ya Uhai katika Only You Can Save Mankind na Brave Story

1.0 Utangulizi

Riwaya za vijana zinazochota umbo lake katika michezo ya video hupokewa na uhakiki kwa njia mbili. Njia ya kwanza huziona kuwa burudani ya kupita, iliyoandikwa kumfuata msomaji aliyekwisha kukihama kitabu na kuhamia kwenye skrini, na kwa hiyo zisizostahili kuchambuliwa kwa makini. Njia ya pili ina huruma zaidi. Huzitetea riwaya hizo kwa kuzigeuza istiari: ulimwengu wa mchezo unasomwa kama jina jingine la talaka ya wazazi, upweke au balehe, na vita vinavyopiganwa humo vinachukuliwa kuwa vita vya nafsi ya mtoto mmoja. Uhakiki huu unadai kwamba njia hii ya pili, pamoja na nia yake njema, hurudia kosa la mchezo wenyewe. Humfanya kila kiumbe aliye upande wa pili wa skrini kuwa kifaa cha mchezaji, ilhali matini zinazochambuliwa hapa zimejengwa ili kumnyima mchezaji haki hiyo.

Matini hizo ni mbili. Ya kwanza ni Only You Can Save Mankind ya Terry Pratchett, iliyotoka Uingereza mwaka 1992, ambayo inafungua mfululizo wa riwaya tatu za mvulana Johnny Maxwell. Ilifuatwa na Johnny and the Dead (1993) na Johnny and the Bomb (1996). Ya pili ni Brave Story ya Miyuki Miyabe, iliyochapishwa Japani mwaka 2003. Uchambuzi wa riwaya hii umeegemea tafsiri ya Kiingereza ya Alexander O. Smith iliyotoka mwaka 2007 na kupata tuzo ya Batchelder mwaka 2008. Waandishi wote wawili waliijua michezo ya video kwa kuicheza. Miyabe, mbali na riwaya hii, aliandika mwaka 2004 riwaya iliyotokana moja kwa moja na mchezo wa Ico wa mwaka 2001.

Kinachoziunganisha riwaya hizi ni zaidi ya mapenzi hayo ya waandishi. Katika kila moja kuna mvulana wa mjini ambaye ndoa ya wazazi wake inavunjika mbele ya macho yake, naye anaingia katika ulimwengu wenye umbo la mchezo. Katika kila moja pia mwandishi anaazima kanuni za mchezo kwa uaminifu mkubwa, kisha anaivunja moja. Pratchett anaivunja kanuni ya adui. Miyabe anaivunja kanuni ya tuzo. Uzito wa kila riwaya unategemea kanuni iliyochaguliwa kuvunjwa, na hapo ndipo uchambuzi ufuatao unapokaa kwa muda mrefu zaidi.

2.0 Mji, Pagale na Skrini

Farah Mendlesohn (2008) anazigawa fantasia kwa kuangalia jinsi ajabu inavyoingia katika simulizi: mhusika hupita mlangoni na kuanza msako, au ulimwengu wa ajabu unakuwepo tangu mwanzo, au ajabu huvamia ulimwengu wa kawaida, au hubaki kizingitini bila kuthibitika. Brave Story ni fantasia ya mlango na msako kwa kiwango kinachokaribia ukamilifu wa kitabu cha kiada. Wataru Mitani, mwanafunzi wa darasa la tano jijini Tokyo, anauingia ulimwengu uitwao Vision kupitia jengo lililokwama ujenzi, lililofunikwa maturubai, ambalo watoto wa mtaa wanasema lina mizimu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa jengo la namna hiyo. Ni pagale, na mapagale katika mji wowote huzaa hadithi. Miyabe analitumia vizuri: sehemu ndefu ya mwanzo inapita mtaani, shuleni na nyumbani kabla msomaji hajaruhusiwa kupanda ngazi zake, hata Vision inapofika, inakuwa imekwisha kulipiwa kwa maisha halisi ya mji. Jengo lililoachwa bila kukamilishwa pia linasomeka kama alama ya Japani ya miaka iliyofuata kuporomoka kwa bei za ardhi na hisa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ingawa riwaya hailifanyi jambo hilo kuwa hoja.

Mji wa Johnny Maxwell ni Blackbury, mji wa kubuni wa Uingereza usio na chochote cha kujivunia. Watoto hukutana katika jengo la maduka lililopewa jina la Neil Armstrong, na kejeli iko wazi: jina la mtu wa kwanza kukanyaga mwezi limebandikwa mahali ambapo anga za juu huuzwa zikiwa ndani ya sanduku, kwa vijana wasio na pa kwenda. Katika mji huu hakuna pagale la mizimu. Mlango ni skrini ya kompyuta iliyo chumbani na, baadaye, usingizi.

Hapo ndipo uainishaji wa Mendlesohn unapotatizika, na tatizo hilo lina manufaa. Johnny anavuka kwenda upande wa pili kama katika fantasia ya mlango, lakini riwaya ina tukio la uvamizi pia, na uvamizi huo ni wa aina adimu: kinachovamia mji ni kutokuwepo. Meli za adui zinatoweka kwenye skrini za wachezaji wote waliounununua mchezo. Wateja wanarudi dukani na masanduku yao wakidai fedha, kwa kuwa hakuna cha kupiga. Katika fantasia nyingi za mjini ajabu hujidhihirisha kwa jitu lililosimama barabarani. Hapa inajidhihirisha kwa malalamiko ya wateja. Ni uamuzi wa kichekesho, nao ndio unaobeba ushahidi wote wa riwaya, kama itakavyoonekana katika sehemu ya mwisho.

3.0 Adui Asiye na Ndani

Mchezo wa Space Invaders, uliobuniwa na Tomohiro Nishikado na kutolewa na kampuni ya Taito mwaka 1978, uliweka sarufi ambayo michezo mingi ya kupiga risasi imeirithi. Safu za wavamizi hushuka kutoka juu ya skrini. Mchezaji yuko chini, peke yake. Safu zikimalizwa, nyingine huanza kushuka. Hakuna ushindi wa mwisho, na mchezo huisha pale tu mchezaji anaposhindwa. Katika sarufi hiyo adui ana umbo, ana mwendo, na ana idadi ya alama anazomletea mchezaji. Ndani hana kitu. Hana sababu ya kuja wala mahali pa kurudi.

Pratchett anaanza ndani ya sarufi hiyo hiyo. Johnny, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, anacheza nakala isiyo halali aliyopewa na rafiki yake Wobbler, na anapiga meli za viumbe waitwao ScreeWee kama alivyofundishwa na michezo yote iliyotangulia. Kisha ujumbe unatokea kwenye skrini. Adui anataka kuzungumza; adui anasalimu amri. Johnny anayaendea maelekezo ya mchezo na hayana neno lolote kuhusu kusalimu amri. Tukio hili ni fupi na limeandikwa kwa mzaha, lakini ndilo kiini cha riwaya nzima. Maelekezo hayakusahau. Mchezo haukuwa na nafasi ya tendo hilo, kwa sababu kusalimu amri kunahitaji mtu, na mchezo ulikuwa umejaa shabaha.

Anwani ya sura ya kwanza tayari imekwisha kudokeza jambo hili. Inachezea anwani ya kitabu mashuhuri cha Joseph Campbell cha mwaka 1949 kuhusu shujaa mwenye nyuso elfu. Mahali pa nyuso pamewekwa uhai elfu wa ziada. Shujaa wa Campbell hufa kwa maana ya kiibada na kuzaliwa upya akiwa amebadilika. Shujaa wa mchezo hufa na kuanza tena akiwa yule yule. Pratchett anaukamata ulegevu huo wa kifo na kuugeuza upande wa pili: Johnny akipigwa anaamka kitandani, lakini ScreeWee akipigwa, amekufa. Kwa macho ya Nahodha wa ScreeWee, wanadamu ni jamii ya kutisha isiyoisha, ambayo ikiuawa leo hurudi kesho, na haijulikani inataka nini. Nafasi ya zimwi katika hadithi imebadilisha mwenyewe.

Lugha ya Kiswahili inampa mhakiki chombo cha kuupima mgeuko huu ambacho Kiingereza cha matini asilia hakina. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja cha nafsi ya tatu wingi, kinachotumika sawasawa kwa watu na kwa vitu. Mchezaji anayesimulia mchezo wake kwa Kiswahili husema kuwa meli zimelipuka, zimeisha, zimebaki tatu. Upatanisho ni wa ngeli ya vitu, na haumgharimu chochote. Ujumbe wa Nahodha unapofika, sentensi hizo haziwezi kuendelea zilivyokuwa. Aliyeomba kuzungumza hawezi tena kuwa *i-* wala kuwa mmoja wa *zi-*. Amekwisha kuwa *a-*, na walio pamoja naye *wa-*, na kila tendo lililosimuliwa kabla ya hapo linabadilika kwa kurudi nyuma: zile zilizolipuka walikuwa wamekufa. Sentensi hiyo ya mwisho haina ulinganifu wa kisarufi, na ulemavu wake ndio hali ya Johnny katika kurasa za mwanzo, kabla hajaamua atende nini.

Ngano za Waswahili zinaijua hali hii ya katikati. Zimwi kwa kawaida hubeba upatanisho wa *li-*, hata linapozungumza, linapooa na linapofanya hila. Methali isemayo zimwi likujualo halikuli likakwisha inaonyesha mvutano huo waziwazi: sarufi inalinyima zimwi ubinadamu, huku kitenzi *kujua* kikilirudishia sehemu yake. Johnny na ScreeWee wanapita katika mvutano huo huo. Kujuana kwao hakumfanyi Nahodha kuwa binadamu. Ana umbo la mjusi, ana maadili yake, na katika jamii yake uongozi ni wa wanawake. Kunamfanya tu kuwa mtu asiyeweza kupigwa bila hesabu. Pratchett anajiepusha na njia rahisi ya kumpendezesha adui, na hilo ni moja ya mambo yanayoitofautisha riwaya hii na nyingi zinazofanana nayo.

Tena ScreeWee si kundi la wasio na hatia wanaofikiri kwa kichwa kimoja. Ofisa wa Mizinga anaiona hatua ya Nahodha kuwa fedheha na anataka kuendelea kupigana, hadi uasi unatokea katika meli. Kwa mtazamo wa uchambuzi wa wahusika, uasi huo una kazi muhimu kuliko taharuki unayoileta: mahali ambapo watu wanaweza kutofautiana kuhusu kusalimu amri ni mahali penye siasa, na penye siasa pana watu. Upande wa wanadamu, Kirsty, msichana aliyezoea kushinda kila shindano na anayejiita Sigourney katika mchezo, anaingia kwenye anga hiyo akiwa mchezaji hodari asiyeona kwa nini ushindi uhojiwe. Mwanamke anayeongoza meli na msichana anayezipiga wanawekwa mkabala. Ni hapa riwaya inapopwaya kidogo. Kirsty ana akili nyingi kuliko nafasi aliyopewa, na mara kadhaa anabebeshwa kazi ya kuwa kioo cha upole wa Johnny wakati hoja zake zilistahili kujibiwa.

Johnny anapovushwa katika anga hiyo, anaonyeshwa mabaki ya meli za zamani zinazoelea bila uhai. Ni wavamizi wa Space Invaders, waliokwisha kuangamizwa kabla ya mtu yeyote kufikiria kwamba wangeweza kuomba amani. Historia fupi ya burudani ya elektroniki inageuka kuwa makaburi. Hakuna hotuba inayoandamana na tukio hilo, na ukimya huo una nguvu kuliko mafunzo ambayo mwandishi mwingine angeyaongeza.

Yote haya yanatokea huku televisheni ikionyesha Vita vya Ghuba vya mwaka 1991. Picha zilizorushwa wakati ule zinakumbukwa: mistari ya shabaha juu ya paa, kiwingu cha vumbi, kisha maelezo ya afisa mwenye kijiti cha kuelekezea. Johnny anaona kuwa vita vinafanana na mchezo, na mchezo wake umeanza kufanana na vita. Katika mwaka huo huo wa 1991 Jean Baudrillard alichapisha insha zake mashuhuri zilizodai kwamba vita hivyo havikutokea, akimaanisha kuwa kilichofika kwa watazamaji kilikuwa mchezo wa picha uliolimeza tukio. Ulinganisho kati yao unaelimisha. Baudrillard anauliza tukio limekwenda wapi. Riwaya ya watoto inauliza ni nani alikuwa chini ya ule mstari wa shabaha, na inamlazimisha mvulana mmoja kukaa na swali hilo akiwa na chombo cha kufyatulia mkononi.

Jesper Juul (2005) ameueleza mchezo wa video kuwa nusu halisi: kanuni zake ni za kweli, kwa maana mchezaji hushinda au kushindwa kweli, lakini ulimwengu wake ni wa kubuni. Riwaya ya Pratchett inaupindua mgawanyo huo. Ulimwengu wa ScreeWee unakuwa kweli, na kanuni ndizo zinazogeuka kuwa za kubuni. Ziliandikwa na kampuni iitwayo Gobi Software na hazikuwahi kukubaliwa na upande wa pili. Katika jadi ya usimulizi wa Kiswahili, mtambaji husema *paukwa*, na hadhira isipoitikia *pakawa*, hadithi haianzi. Kila aliyemo katika mchezo wa ngano ameitikia. ScreeWee hawakuulizwa. Johnny anapowaahidi kuwasindikiza hadi Mpakani, ndiye mchezaji wa kwanza kuwapa nafasi ya kuitikia au kukataa.

4.0 Tuzo Inayokataliwa

Brave Story inaazima aina nyingine ya mchezo. Michezo ya kuigiza wahusika, ambayo Dragon Quest ya mwaka 1986 iliifanya kuwa utamaduni wa taifa nchini Japani, hujengwa kwa safari, masahaba, silaha inayokua na zawadi iliyo mwishoni. Wataru ni mpenzi wa michezo hiyo, na Vision inamfuata hatua kwa hatua: anapewa upanga wenye nafasi za vito vitano, na akivikusanya vyote ataweza kufika mbele ya Mungu wa Kike wa Majaliwa na kuomba ombi moja. Anachotaka kinajulikana tangu mwanzo. Baba yake ameondoka kwenda kwa mwanamke mwingine, mama yake amejaribu kujitoa uhai kwa gesi, na mtoto anataka majaliwa yabadilishwe ili nyumba irudi kuwa nyumba.

Upande wa pili wa safari hiyo yuko Mitsuru Ashikawa, mwanafunzi mwenzake, ambaye msiba wake ni mzito kuliko wa Wataru kwa kiasi kisicholinganika: baba yake aliwaua mama na mdogo wake wa kike, kisha akajiua. Mitsuru anataka mdogo wake arudi. Kwa hiyo anaicheza Vision kama mchezaji bora anavyopaswa kuucheza mchezo. Huchukua njia fupi, hutumia nguvu zote alizo nazo, na wakazi wa miji anayoipitia ni gharama ya safari. Kwa ajili ya kito cha mwisho anauangamiza mji mkuu wa himaya ya kaskazini na kufungua njia kwa mashetani.

Nguvu ya Miyabe ni kwamba hamruhusu msomaji kumchukia Mitsuru kirahisi. Ombi lake ni la haki kuliko la Wataru. Kama kipimo ni ukubwa wa machungu, yeye ndiye anayestahili tuzo. Kinachomhukumu ni idadi ya watu waliogeuzwa kuwa njia ya kuifikia, na Wataru anafika mbele ya Mungu wa Kike akiwa amekwisha kuwaona watu hao kwa majina yao: Kee Keema wa jamii ya majini, Meena mwenye asili ya paka, na wengine waliompa chakula na hifadhi. Ombi lake la mwisho linaelekezwa kwa wokovu wa Vision. Anarudi Tokyo, na talaka iko pale pale.

Mwisho huu umesomwa na wengi kama funzo la kukubali uhalisi, na ni kweli kuwa riwaya inalitamka funzo hilo mara nyingi kuliko inavyohitajika. Katika kurasa zaidi ya 800 za tafsiri, sehemu ya kati inalegea. Kito kimoja hufuata kingine kwa mwendo wa orodha, na msomaji huuona mchezo ulioazimwa ukianza kumwongoza mwandishi. Hata hivyo, uzito wa ombi hauko katika kukubali. Wataru alikuwa na uwezo wa kuirudisha familia yake, angalau kwa ahadi ya ulimwengu ule, na aliutumia uwezo huo kwa ajili ya watu wengine. Kukubali ni kwa mtu asiye na la kufanya. Wataru amefanya tendo, na tendo hilo limemgharimu kile alichokijia.

5.0 Istiari na Mipaka Yake

Hoja dhidi ya usomaji wa kiistiari haiwezi kukamilika bila kukiri kwamba riwaya zote mbili zinaukaribisha. Nyumbani kwa Johnny wazazi wanazungumza kwa nadra na chakula hakipikwi kwa mpango. Marafiki zake wenyewe wanapendekeza kwamba mawazo ya nyumbani na picha za televisheni ndiyo yanayomletea ndoto. Vision nayo inaelezwa kuwa imeumbwa kwa nguvu ya fikra za watu wa ulimwengu halisi, na Wataru anakutana humo na mtu mwenye sura ya baba yake. Mhakiki anayesema kuwa yote haya ni nafsi ya mtoto hajazua jambo kutoka hewani.

Uhakiki wa Kiswahili una sababu zake za kuvutwa upande huo. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), nchi inayoelea angani, imesomwa kwa miongo mingi kama fumbo la utawala, na usomaji huo umezaa matunda kwa sababu matini yenyewe inauomba. Mshtakiwa anaitwa Karama na anayemshtaki anaitwa Majivuno. Jina linamwambia msomaji asimame wapi. Mazoea yaliyojengwa juu ya kitabu hicho yamewafunza wanafunzi wa fasihi kuuliza, kila wanapokutana na nchi isiyokuwepo, inasimama badala ya nini. Ni swali zuri kwa Kusadikika. Kwa ScreeWee linaharibu, kwa kuwa kiumbe anayesimama badala ya kitu kingine hawezi kuuawa. Kama Nahodha ni huzuni ya Johnny kuhusu wazazi wake, basi kumpiga ni kosa la kisaikolojia, pengine hata ni tiba, na swali la riwaya kuhusu uhai limefutwa kimyakimya.

Matini inaweka vizuizi viwili dhidi ya ufutaji huo. Cha kwanza ni zile skrini tupu. Ndoto ya mtoto mmoja haiwezi kuondoa meli katika kompyuta za wateja wasiomjua, na Pratchett amehakikisha kwamba tukio hilo linaonekana na watu wasio na huruma yoyote kwa Johnny, wanaodai fedha zao. Cha pili ni Kirsty, ambaye ameingia katika anga ile ile akiwa na matatizo mengine kabisa na wazazi wengine. Anawaona ScreeWee wale wale. Usomaji unaomhusu Johnny peke yake unapaswa kumweleza Kirsty, na hauwezi.

Brave Story haina ushahidi wa nje wa namna hiyo, na hapo iko wazi zaidi kwa usomaji wa kiistiari. Kinga yake ni ya kimaadili. Ikiwa Vision ni picha ya moyo wa Wataru, basi Mitsuru aliyeuangamiza mji hakumwua mtu yeyote, na tofauti kati ya wavulana hao wawili inabaki kuwa ya tabia njema na mbaya. Muundo wa riwaya unaitegemea tofauti kubwa zaidi ya hiyo. Unahitaji kwamba miji iliyoungua iwe ilikuwa na wenyeji, ili ombi la mwisho liwe na kitu cha kuokoa.

Suala hili lina matokeo ya moja kwa moja kwa mfasiri. Yeyote atakayeileta riwaya ya Pratchett katika Kiswahili hataweza kuuacha upatanisho uamuliwe na mazoea. Itambidi aandike kurasa za mwanzo kwa *zi-*, kama mchezaji anavyozungumza, na kisha achague sentensi moja ambamo *wa-* inaingia kwa mara ya kwanza. Akiileta kabla ya ujumbe, atakuwa amemwambia msomaji kile ambacho Johnny hajakijua. Akiichelewesha hadi baada ya maelekezo ya mchezo kufunguliwa na kukutwa hayana jibu, msomaji wa Kiswahili atakuwa amefyatua pamoja na Johnny kwa kurasa kadhaa, kwa sarufi iliyo sahihi kabisa.